Mbao Mbili Langoni

Jumanne, tarehe 12 Novemba, mwaka 2019, mwanangu alitundika kibati chake kwenye ubao wa zamani, akashuka mgodini.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, nieleze. Kila mchimbaji ana kibati chenye namba yake. Akishuka hukitundika ubaoni, langoni pa mgodi, akipanda hukitoa. Kibati kikibaki, mtu yumo chini. Tangu nilipoolewa hapa, ubao ulikuwa mmoja.

Kisha yakaja maneno ya kujitenga. Shaba yetu, walisema, inajenga barabara za mji mkuu huku watoto wetu wakisoma wameketi sakafuni. Afadhali tujitoe, tujiunge na nchi jirani. Siwezi kusema walidanganya. Mimi mwenyewe nilisoma elimu ya watu wazima katika darasa hilohilo lisilo na madawati. Lakini watu waliacha kusalimiana, na waliotaka kuhama wakakataa vibati vyao vikae pamoja na vya waliotaka kubaki. Wakachonga ubao wao, wakaupaka rangi za bendera ya jirani. Mlinzi wake akawa kaka yangu, aliyenisaidia kumlea mwanangu nilipofiwa na mume.

Mwanangu, ambaye wenzake walimwita Mnara kwa urefu wake, hakukubali kuhamisha kibati.

"Mpwa wangu, kilete hapa," kaka alimwambia asubuhi ile, mbele ya meza yangu ya chai pale langoni. "Huko umebaki na wazee wanaosinzia."

"Mjomba, rangi yako haijakauka. Nikichafuka, nani atafua?"

"Mimi sifui bendera ya mtu," nilisema, tukacheka sote watatu.

"Kichwa ngumu kama marehemu baba yako," kaka akamwambia. "Haya, nenda. Ukipanda, chai ni juu yangu."

Baada ya adhuhuri ardhi ilitikisika, moshi ukafuka kutoka shimoni. Wachimbaji walipanda wakikohoa, kila mmoja akinyakua kibati chake. Kaka alitazama ubao wake: misumari yote mitupu. Akapaza sauti, "Wote wametoka! Zimeni feni!"

Feni ile ndiyo inayopeleka hewa chini. Moto ukizuka huzimwa ili usichochewe, lakini haizimwi mtu akiwa ndani. Ikazimwa. Mlinzi wa ubao wa zamani alikuwa ameacha kazi kwa kuchoshwa na matusi, na hakuna aliyeshika nafasi yake.

Nilimtafuta Mnara katika umati. Mtu mrefu vile hapotei.

"Kaka, mtoto yuko wapi?"

"Ametoka, dada. Ubao mtupu."

"Ubao upi?"

Alikimbia hadi upande wa pili wa lango, nami nikamfuata. Kibati kimoja kilikuwa kinaning'inia.

Feni iliwashwa tena. Waokoaji walishuka, kaka akitangulia. Walimkuta mwanangu ameketi chini ya ngazi, hana hata mchubuko. Ni hewa tu iliyomwishia.

Msibani walikuja watu wa pande zote mbili. Hawa walitaka picha yake waibandike kwenye mabango, kwamba alikufa akiitetea nchi yake. Wale nao waliitaka, kwamba serikali isiyojali ndiyo iliyomuua. Niliwanyima wote. Kaka alikuwa ameketi kwenye kizingiti, nilipomkaribisha ndani alisema tu, "Nipo hapahapa, dada." Mpaka leo hajavuka kizingiti kile, nami sijapata neno la kumwingizia ndani.

Sasa kura ya kujitenga inakaribia, na mbao bado ni mbili. Nilikwenda kwa wakubwa wa mgodi, wakaniambia, "Mama, vuta subira, kura ikipita tutaliangalia." Watoto wa wenzangu wanashuka kila siku.

Sikuandika ili nikwambie uchague nchi ipi. Chagua uipendayo. Ninaomba vibati vikae pamoja. Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe mama mwingine mwenye mtu wake mgodini. Na kama hajui kusoma, keti naye umsomee.