Vitabu Elfu Mbili Vilivyonyamaza

Rafu zote za vitabu kwenye skrini zilikuwa tupu, na taa ya kijani iliendelea kuwaka pembeni kana kwamba hakuna lililoharibika.

Fundi wa kompyuta aliikodolea macho taa ile mpaka yakamuwasha. Asubuhi hiyo alikuwa amelihamisha kontena la maktaba ya sauti, yaani kifurushi kilichobeba programu nzima inayowasomea vitabu watu wasioona, kutoka mfumo wa zamani wa usimamizi kwenda mfumo mpya. Kontena liliwaka mara moja, likatangaza kwamba ni zima, naye akajipongeza kwa kikombe cha chai. Chai haikuwa imepoa alipogundua kwamba vitabu elfu mbili havionekani.

"Tuna nakala za akiba?" aliuliza mkutubi mkuu, mama mtaratibu aliyesimama mlangoni, miwani mkononi.

"Za mwezi uliopita, Mama."

"Na vile arobaini na kimoja tulivyorekodi mwezi huu?"

Hivyo havikuwa na nakala popote. Watu wa kujitolea walikuwa wamejifungia katika kile chumba kidogo chenye mazulia ukutani, wakisoma mpaka sauti zikawakauka. Mmoja wao, mpiga chapa mstaafu, walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu, msomaji asiyeona, ambaye ofisi nzima ilimjua kwa kupiga simu kwa kila jambo dogo. Fundi alikuwa na mazoea ya kumkwepa. Kwake yeye, watumiaji walikuwa watu wa kuleta malalamiko yasiyo na kichwa wala miguu. Leo mkutubi alimkabidhi mkonga wa simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tunajua kuna hitilafu, tunashughulikia."

"Marahaba, binti yangu. Wala sikupiga kulalamika. Nashangaa tu. Mashine imenipokea kama mgeni. Inasema, 'Karibu, chagua lugha yako.' Miaka sita sijaulizwa lugha!"

Fundi alifungua kinywa amkatize, kisha akakifunga.

"Hebu rudia hapo, Mwalimu."

"'Karibu, chagua lugha yako.' Tena kwa bashasha, kama mwenye duka siku ya ufunguzi."

Programu iliyoibiwa vitabu ingepiga kelele, ingejaza skrini makosa mekundu. Hii haikujua kwamba imepoteza chochote; iliamini imezaliwa leo. Akaiweka simu kwenye spika, vidole vikatimua mbio. Naam! Mfumo mpya, kwa desturi yake, ulikuwa umebandika jina lake mbele ya jina la ghala la vitabu. Kwa kuwa hapakuwa na ghala lenye jina refu namna hiyo, ukajenga jingine, jipya, tupu. Lile la zamani lilikuwa palepale kwenye diski, limejaa pomoni.

"Vipo!" alipiga ukelele. "Mama, vipo vyote!"

Halafu akasoma maandishi madogo pembeni: Halitumiki. Litafutwa saa sita kamili mchana.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nne. Ufagio huo wa kujiendesha, yaani programu ya kufuta maghala yasiyotumika, aliuwasha mwenyewe asubuhi, tena kwa majivuno.

"Mwalimu, usikate simu."

"Nikate niende wapi?"

Akauzima ufagio. Akahakikisha mara mbili kwamba umezimika. Akaandika jina la ghala la zamani katika maelekezo ya kontena, akaliwasha upya. Jasho lilimtiririka, na papo hapo alikuwa akitabasamu. Mkutubi alikuwa amemshika bega, hajui kwamba anamfinya.

"Majina yamerudi," alisema Mwalimu. "Inayataja moja moja. Nabonyeza... Kimya."

"Kimya kabisa, au kuna mlio?"

"Mlio mfupi. Tik. Kama mlango uliotiwa ufunguo."

Fundi hakungoja zaidi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ruhusa za mafaili. Sauti zote zilikuwa zimesajiliwa kwa namba ya mmiliki wa zamani, ilhali kontena, chini ya bwana wake mpya, lilitumia namba nyingine. Liliviona vitabu, lakini halikuruhusiwa kuvigusa. Amri moja fupi ikalibadilishia namba.

"Jaribu sasa, Mwalimu."

Kwenye spika ikasikika kwa mbali sauti ya mtu akisoma.

"Ehee!" Mwalimu alifoka. "Haya, nyamazeni basi, mnanipotezea utamu!" Simu ikakatika.

Mkutubi alicheka mpaka akaivua miwani kufuta machozi, kisha akaenda kuwatangazia wenzake habari. Fundi akabaki na skrini yake. Miaka mitatu alikuwa amevilinda vitabu hivi, akavipanga, akavipima ukubwa, na hakuwahi kusikiliza hata kimoja. Akavaa vipokea sauti, akabonyeza jina la kwanza lililoangukiwa na kidole.

Ndani ya rekodi, kiti kikalia. Ukurasa ukafunuliwa. Mwanamke asiyemjua akasafisha koo taratibu, akaanza kusoma.