Malka Iliyofutwa kwa Kalamu

Siku ile mjinga alikuwa Mutiso, na ukimkuta Garissa leo akitafunia upande wenye meno, habishi.

Yeye ndiye afisa wa mipango aliyelinda kanuni za ukingo wa Tana: usijenge karibu na maji, usizibe malka, yaani njia ya mifugo ya kushukia mtoni. Kanuni hizo alizijua kama jina la mamake. Mfanyabiashara mmoja, Abdimalik, alipoomba kujenga hoteli ukingoni hapo, mahali ambapo hapakuwa na hata kibanda, Mutiso alikwenda kukagua mwenyewe, mwezi wa Novemba, na buti mpya za mpira, mvua ikimlowesha. Majani yalimfika magotini. Kwato hakuna, mavi hakuna. Akaandika: "Hapapiti mifugo." Akapiga muhuri, akaenda kukausha soksi.

Septemba iliyofuata nchi ilikuwa imepasuka kwa kiangazi. Bibi mmoja, Kaaha, akateremka kutoka upande wa Wajir na wapwa zake wawili na ngamia sitini, siku ya kumi na mbili bila maji. Wawili alikuwa ameshawaacha njiani, wamekufa. Malka waliyonywea babu zake akaikuta imezibwa kwa seng'enge nyuzi saba.

Abdimalik alimpigia Mutiso simu aje haraka na karatasi. Mutiso akaja, akasimama mbele ya ua, mgongo wake kwa mto, ramani mkononi, kama mtu aliyetumwa kuyasomea mafuriko hati.

"Mama, kuna malka nyingine huko chini. Kilomita kumi na nne tu."

"Hawa hawafiki," Kaaha akasema. "Fungua."

"Eeddo, msikilize afisa," Abdimalik akamwambia kwa adabu, kama amwitaye shangazi yake. "Huyu amesoma."

"Naona. Amesoma mpaka pua imekufa. Ngamia wangu hawakusoma, wanasikia maji."

Ngamia wa mbele hakungoja wamalize. Alitia kifua kwenye seng'enge, miiba ikamchana, akazidi kusukuma. Nguzo ikalia. Kim, mlinzi wa Abdimalik, akainua panga akamkata mguu wa mbele. Mnyama akapiga magoti juu ya nyuzi, akinguruma.

Fimbo ya panda ya Kaaha ilishuka kwenye kifundo cha mkono wa Kim, mfupa ukasikika, panga likaanguka. Wapwa zake wawili, wanaume wenye ndevu zao, wakaruka ua. Abdimalik akampasua mmoja sikio kwa nondo. Wa pili akamkamata Abdimalik kisogo, akamgonga uso kwenye nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka pua ikalala upande. Mutiso akainua ramani akianza, "Kwa mujibu wa sheria," na jiwe likamkatiza hapo hapo, meno mawili yakatoka pamoja na sheria.

Kisha ngamia wakaja, wote kwa pamoja. Ua ukalala chini. Mutiso akaburutwa na waya, mguu mmoja ukamkanyaga mbavu, mwingine ukamsaga vidole vya mkono ule ule wa muhuri. Vumbi lilipotua, wanyama walikuwa ndani ya mto, wakinywa, vifua vyao vikichuruzika damu majini.

Yule aliyekatwa mguu alikuwa bado anatapatapa. Kaaha akasema bismillahi, akamchinja mwenyewe. Damu ikateremka na malka hadi mtoni. Akafuta kisu kwenye karatasi iliyokuwa imeanguka pale; ilikuwa ramani.

Abdimalik alikuwa ameshika pua. "Kesho najenga ukuta wa mawe. Kibali ninacho." Akamvuta Mutiso kola. "Mwambie."

Mutiso akatema damu. Kichwa kilikuwa bado kigumu kuliko mbavu. "Ni kweli, mama. Nilikagua ukingo wote kwa miguu yangu."

"Lini?"

"Novemba."

"Novemba ilikuwa mvua. Maji iko kila shimo, majani iko kila mahali. Nani analeta ngamia mtoni?"

"Lakini hapakuwa na mtu. Niliandika nilichokiona."

Kaaha akachomeka kisu kiunoni, akamtazama pale mavumbini.

"Mimi nilikuja ofisi yako Jumapili," akasema. "Kiti ilikuwa tupu. Niliandika umekufa?"