Mtalii Nyumbani kwa Mumewe

Hadijah alipoulizwa mumewe yuko wapi, alijibu "Barbados" kwa mikogo, utadhani ni mtaa wa pili ukitoka Kisauni. Waliozwa kwa simu mwaka juzi: kadhi na baba yake wako Mombasa, Tamim yuko kisiwani huko akitengeneza mitambo ya meli, na biarusi mwenyewe yuko Uarabuni alikokwenda kufanya kazi, mtaa wa Al Nahda, chumba cha kupanga na wenzake, hina haijamkauka mikononi. Vigelegele vilipigwa mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu siku hiyo hajamshika mumewe hata kidole.

Sasa likizo imetoka. Aliingia kwenye duka la tiketi la Taib, mtaa wa Al Mankhool, anacheka peke yake. Taib, mtu wa Lamu aliyewasafirisha nusu ya Waswahili wa mji huu, alimsomea masharti: pasipoti iwe hai, tiketi ya kurudi iwepo, fomu ya kuingia ijazwe mtandaoni, na ijulikane mgeni atalala wapi.

"Mumeo kasema tuandike wapi?"

"Hoteli. Kasema niingie kama mtalii, atanijia huko huko."

"Hoteli? Na nyumba anayo?"

"Mtaa wake mbaya, kaka Taib. Wezi watupu."

Tamim alikuwa amemtumia maonyo chungu nzima. Usivae dhahabu. Usitembee ufukweni peke yako usiku. Na zaidi ya yote, usifike kwangu, mgeni hatoki salama. Maskini Hadijah aliyameza yote kama asali, maana mwanamume anayekuhofia si ndiye anayekupenda?

Lakini jambo moja lilimkataa rohoni. Sandukuni alikuwa na udi, doti za kanga, na mashuka aliyoyadarizi mwenyewe baada ya zamu zake za kazi. Mambo hayo hayapelekwi hotelini.

"Mimi si mtalii, ni mke," alisema. "Andika kwake. Nataka kumshtua."

Anwani alikuwa nayo, na namba ya simu ya nyumba pia, tangu alipompelekea kifurushi cha halua mwezi wa Ramadhani.

Taib alikuwa na kawaida yake: hafungi safari ya mtu kabla hajampigia mwenyeji, kwa sababu mteja wake mmoja aliwahi kurudishwa uwanjani, mwenyeji hapokei simu. Hadijah alitaka kugoma, kisha akafikiria Tamim atakavyobabaika, akasogeza kiti karibu.

"Haya, piga. Yalla."

Taib aliiweka simu kwenye spika, ikapokelewa na mwanamke. Taib akamweleza kwa Kiingereza kwamba anampangia safari Hadijah, na angependa kujua kama atapokewa.

"Hadijah!" Sauti ilijaa furaha. "Dada yake Tamim, aliyetuletea halua! Mbona mume wangu hakuniambia? Karibu sana. Na asilale hoteli, mtaa wetu ni shwari, watoto wetu wanacheza nje mpaka jioni. Nitakuja kumpokea mwenyewe."

Taib aliinamisha uso, akanyoosha mkono aikate simu. Hadijah akaushika mkono ule, akauzuia. Uke wenza labda angeuvumilia. Bibi yake aliuvumilia, na shangazi zake pia. Lakini kufanywa dada! Alitafuta chuki ya kumchukia yule mwanamke asiipate, maana hakuwahi kukaribishwa nyumba yoyote ya ugenini kwa upole namna ile. Hilo ndilo lililomvunja kabisa, akalia bila sauti mbele ya Taib.

"Yuko hapo? Dada, unanisikia?"

"Nakusikia," Hadijah alisema, Kiingereza chake kikitetemeka.

"Nataka kukuandalia chumba. Unakuja peke yako, au na mume wako?"

Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Taib alikuwa ameshageukia ukutani, hathubutu kumtazama.

"Peke yangu," alijibu. "Mimi sina mume."