Mwandiko wa Mama Mwenye Nyumba

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aligawa madodoso ya utafiti wake kwa mama mwenye nyumba na wapangaji wenzake: wanawaonaje wageni kutoka ng'ambo ya mpaka? Hakuna aliyejua kwamba naye alizaliwa huko. Majibu hayakuwa na majina, lakini mwandiko wa mama aliutambua papo hapo: "Nikimgundua mmoja humu, hatalala hapa tena."

Alikuwa bado ameishika karatasi hiyo. Mara mama mwenyewe akabisha hodi, akaingia.

"Mwanangu, mbona umesawajika? Kwani kwenu ni wapi hasa?"

Akashindwa kudanganya. "Huko huko, mama."

Mama akalitazama jibu lake mwenyewe kwenye karatasi, kisha akafunga mlango kwa komeo.

"Usimwambie mwingine," akanong'ona. "Hao wengine wakijua, sitaweza kukukinga."