Muhuri Juu ya Boriti

Faili la mambo ya kuona na kufanya nililiandika mwenyewe, na liko mezani karibu na birika, kwenye nyumba tunayowakodishia wageni. Mduara wa mawe, mwendo wa saa moja. Farasi wa nyikani, tafadhali msiwalishe. Kinamasi cha Fenny, msikikaribie, humeza mtu. Wageni hawasomi. Wanafika na mbwa na viatu vipya, wanauliza mtandao uko wapi. Ukurasa pekee uliochakaa ni wa masanduku, ndivyo tuyaitavyo makopo yaliyofichwa nyikani: chini ya mwamba wa Brannock kuna kopo lenye daftari, na wapenzi wa mchezo huo hulitafuta kwa dira ili wagonge humo mihuri yao, kila mmoja na wake aliouchonga mwenyewe.

Doreen Ackroyd hakuhitaji faili. Alikuwa akikodi nyumba yetu wiki moja kila Oktoba, na huu ulikuwa mwaka wa saba. Mwanawe, Corin, alilala humo usiku mmoja miaka saba iliyopita, asubuhi akatoka peke yake, ukungu ukashuka juu ya nyika nzima ya Dartmoor. Hakuonekana tena. "Alikuwa anakwenda kwenye masanduku yake, akapotea," Doreen aliniambia kila alipokuja, na kila alipokuja alipanda Brannock kulipekua lile daftari akitafuta muhuri wa mwanawe, ingawa hakuwahi kutuambia una picha gani. Aliyepotea anaweza kurudi. Hilo ndilo lililomweka hai, nami sikuwa na moyo wa kumpinga.

Wiki moja kabla hajafika, nilipanda ngazi kufuta utando wa buibui kwenye sebule ya nyumba ile ya wageni. Juu ya boriti, nyuma kabisa, mkono wangu uligusa leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na muhuri wa mpira wenye picha ya ndege mdiria. Nikampelekea mume wangu.

"Huo ni wa mgeni fulani," alisema Wilmot. "Kaugonge kwenye daftari la Brannock, mwenyewe akiuona ataulizia. Au unamngoja ndege aruke akamtafute?"

Ndivyo tufanyavyo huku mtu akisahau muhuri. Nikapanda Jumapili, nikagonga, nikaandika tarehe. Nilitaka kuongeza namba yetu ya simu, mvua ikanitimua. Nikasema nitarudi. Sikurudi.

Jumatano Doreen aliingia jikoni kwangu bila hodi, matope mpaka magotini, analia na kucheka kwa pamoja.

"Yuko hai, Thirza! Mdiria wake! Jumapili, Thirza, Jumapili hii hii!"

"Kaa kwanza, dada."

"Sikai! Nipe simu niwapigie polisi. Si walisema nimechanganyikiwa? Na wewe Wilmot, si ulikuwa unanicheka? Haya, cheka sasa!"

Wilmot alikikodolea macho kikombe chake. Muhuri ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Kwa muda mfupi niliwaza kuutia kwenye jiko la kuni na kunyamaza, nimwachie furaha yake, Mungu anihukumu baadaye. Lakini alikuwa ameshashika simu. Nikautoa, nikauweka mezani.

"Ni mimi niliyegonga. Sikujua ni wake. Nisamehe, Doreen."

Aliirudisha simu polepole. Nilidhani atanipiga, na kusema kweli nilitamani anipige.

"Umeupata wapi?"

"Kwenye nyumba unayokodi. Juu ya boriti."

"Aliusahau tu, eti?"

Hapo ningeweza kudanganya. Badala yake nilimpa ile leso, ingali na mikunjo ya fundo. "Ulikuwa umefungwa humu, ukafichwa nyuma kabisa," nikasema.

Aliitambua. Aliikunjua juu ya goti, akaikunja, akaikunjua tena.

"Corin hakuwa anatoka bila muhuri wake," alisema. "Hata akienda kununua maziwa, anao mfukoni." Akaugusa muhuri kwa kidole. "Basi siku ile hakuwa anakwenda kwenye masanduku. Hakupotea."

Nilimshika Doreen mabega, na hakuonekana kujua kama nimemshika. Miaka saba nilimsikiliza, na ni mkono wangu uliomuua mwanawe mara ya pili.

"Kile kinamasi cha kwenye faili lako," aliuliza, "kiko upande gani?"

Nikamwonyesha dirishani. Alisimama pale akitazama mpaka chai niliyommiminia ikapoa.

"Mwakani," alisema, bila kugeuka, "wiki hii mpe mgeni mwingine."