Ukurasa wa Khalfani

Mwanne alipanda ngazi za ofisi ya chama cha nasaba pale Gerezani. Keshokutwa binti yake Sofia alikuwa anaolewa. Jana, walipojaza fomu ya ndoa, mchumba wake Hafidhi aliandika jina kamili la baba yake: Khalfani Mtumbei, kuli wa bandarini, aliyefariki yeye akiwa mdogo. Ndilo jina la marehemu mume wa Mwanne, baba yake Sofia; vijana walicheka tu kwamba majina yamefanana.

"Majina hufanana, mama," alisema Winifrida, mtunza kumbukumbu, akifungua daftari ambamo watu huandikisha koo zao. "Huu ukurasa aliujaza mama yake Hafidhi mwenyewe."

Mwanne alisoma polepole. Kijiji kilikuwa kilekile cha mumewe, na jina la mama mkwe wake pia. Chini ilibandikwa picha: mumewe anacheka, amempakata mtoto wa kiume.

Akavuta kiti, akakaa. Simu yake ikaita.

"Mama, niko Kariakoo. Nichukue shela nyeupe au ya rangi ya maziwa?"

"Usinunue kitu, Sofia. Njoo Gerezani na Hafidhi, sasa hivi. Nina jambo kuhusu baba yenu."

"Mama, umesema baba yetu?"

"Ndiyo, mwanangu. Ninyi ni ndugu."