Programu ya Bure

Damaris alianza kumdharau shemeji yake tangu wiki ya kwanza alipoajiriwa kwenye studio yake ya picha pale Homa Bay, na hakujisumbua kuficha. Zablon, mume wa dada yake, alijiita injinia wa picha kwenye bango la mlangoni, ilhali kila programu aliyokuwa nayo ilikuwa ya wizi, aliyoletewa kwa flash na rafiki yake wa Migori. Mteja akilalamika kwamba sura yake imetoka nyeupe kama aliyemwagiwa unga, Zablon alimwambia hiyo ndiyo teknolojia.

Asubuhi moja aliingia Beverlyne, mwanamke anayeuza dagaa wa omena huko Karungu. Mamake alikuwa amefariki, na picha nzuri pekee iliyobaki ilikuwa ya harusi ya jirani, mama wa watu amebanwa katikati ya umati, bega moja limefichwa na kofia ya mtu. Beverlyne alitaka mamake atolewe humo, abaki peke yake kwenye picha kubwa ya kuwekwa kando ya jeneza. Mwili ungetoka mochari kesho yake.

"Hiyo ni kazi ndogo, mama," Zablon alisema, akafungua kompyuta.

Programu ikagoma. Maandishi mekundu yalitokea kumwambia hana leseni. Akaizima, akaiwasha, akaipiga kompyuta kofi la ubavuni. Akampigia yule rafiki wa Migori. Simu ilikuwa imezimwa.

Huyu ndiye injinia, Damaris aliwaza. Akatoa laptopu yake kwenye mkoba.

"Naweka GIMP, programu ya kuhariri picha," alisema. "Inafanya kazi hiyo hiyo, haina malipo, na hakuna mtu ameibiwa."

"Haina malipo," Zablon alirudia, akimgeukia Beverlyne kama anayetafuta shahidi. "Shemeji, hiyo ni ya watoto wa shule. Kitu ya maana inapeanwa bure kweli?"

Damaris aliivuta laptopu karibu. Aliunganisha intaneti ya simu, akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika *sudo apt install gimp*. Laptopu ikamwomba nenosiri. Alipoliandika, hakuna herufi hata moja iliyoonekana.

"Hata kibodi imekufa," Zablon alisema.

"Inaficha nenosiri, watu kama wewe wasilisome."

Akabonyeza. Laptopu ikajibu kwamba haijui kitu kinachoitwa hivyo. Zablon alicheka hadi akashika meza, na Damaris akahisi masikio yakimchoma. Alikuwa amesahau kwamba laptopu hiyo haikuwa imeonja intaneti tangu aiwekee upya mfumo wa Linux. Akaandika *sudo apt update* ili ikachukue orodha mpya ya programu kutoka ghala lake, kisha akarudia amri ya kwanza. Safari hii iliuliza kama iendelee. Alikubali, mistari ikaanza kukimbia, na baada ya muda GIMP ikafunguka bila kumwuliza mtu leseni.

Zablon alivuta stuli, akaketi nyuma yake atazame.

Damaris alimtenga yule mama na umati taratibu, ukingo kwa ukingo, akajaza bega lililokosekana kwa kunakili kitambaa cha bega la pili. Kazi ilimnogea. Shavuni palikuwa na kovu refu. Akalifuta kwa mpigo mmoja, bila hata kufikiri, akaigeuza skrini.

Beverlyne aliinama karibu na skrini. "Huyu ni nani?" aliuliza kwa upole. "Mama alikatwa na bati siku nyumba yetu ilianguka. Alikuwa ananitoa ndani. Rudisha."

Damaris alirudisha kovu. Lilikuwa kosa lile lile la kuharibu sura za watu ambalo alikuwa amemcheka Zablon mara nyingi, tena mbele ya wateja.

"Pole, mama," alisema. "Ningekuuliza kwanza."

"Ungeuliza," Beverlyne alisema. Picha ilipochapishwa, aliikumbatia kifuani na kwenda zake.

"Mimi nilijua tu hiyo kitu itafanya," Zablon alisema mlango ulipofungwa.

Juma lililofuata Damaris alimwekea Linux na GIMP kwenye kompyuta yake, naye Zablon akawatangazia watu kwamba ameinunua kutoka ng'ambo. Damaris hakumvumilia tena. Alihamia Oyugis, akakodi chumba kidogo cha studio yake mwenyewe karibu na soko, na huko kila aliyefiwa alikalishwa karibu naye, akaulizwa kuhusu uso wa marehemu wake kabla haujaguswa.